Cheti cha Dereva wa Mafuta na Dhamiri ya Mkristo

Mtu asimamaye Bomang'ombe, pale njia ya Sanya Juu inapoachana na barabara kuu ya Moshi na Arusha, hangoji sana kabla ya kuona lori la mafuta likipita. Vijana wa mji ule, na wenzao wa Machame na Masama, huyatazama malori hayo kwa tamaa, wala hatuwalaumu. Kihamba alichogawa babu kwa baba, na baba kwa wanawe, hakigawanyiki tena. Kahawa haisomeshi watoto kama ilivyosomesha zamani. Naye dereva wa tangi arudi nyumbani siku za Noeli mikono ikiwa imejaa, na majirani wote waona.

Basi, tuseme kijana mmoja wa huko amekwisha kupata leseni ya magari makubwa ya mizigo. Aambiwa kwamba, ili akabidhiwe gari la mafuta, atakiwa pia kuwa na cheti cha mafunzo ya kuchukua mizigo ya hatari. Mafunzo yana ada, yana siku zake, na mwisho yana mtihani ambao mtu aweza kushindwa. Ndipo atokeapo dalali na kusema: leteni kiasi fulani, na cheti kitakuwa mkononi kabla ya Jumapili. Baba wa kijana ni Mkristo mwema, hakosi Misa wala jumuiya. Afikiri kidogo, kisha asema: hapa hatukumwibia mtu, hatukumpiga mtu. Hili ni kosa la serikali, nayo serikali ikitukamata itatutoza faini, yaishe. Dhambi iko wapi?

Twawaomba wasomaji wetu watuvumilie tukilichukua swali hili polepole. Kumjibu baba huyo kwa neno moja, kwamba rushwa ni dhambi, ni rahisi mno. Hilo amekwisha kulisikia mara nyingi, na halikumzuia.

Kwanza yatupasa kukiri kwamba wazo lake si la kipumbavu. Kwa karne nyingi walikuwako wataalimungu wa sifa waliofundisha kwamba ziko sheria za adhabu tu, yaani sheria zisizomfunga mtu katika dhamiri, ila humtaka awe tayari kulipa faini akikamatwa. Mifano yao ilikuwa ushuru wa forodha na kukata kuni katika msitu wa mtawala, na wengine waliziingiza humo hata sheria za barabarani. Wengine walilipinga fundisho hilo, wakishika neno la Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefundisha kwamba sheria ya haki, iliyowekwa kwa akili na kwa ajili ya manufaa ya wote, yafunga dhamiri. Sisi twasimama upande wa Mtakatifu Tomaso. Lakini hata tukimwachia baba huyu maoni ya wale wengine, hayamwokoi. Kwa nini?

Kwa sababu iko njia nyepesi ya kuipima sheria: tuiondoe, kisha tutazame kinachobaki. Tukiondoa sheria ya kuni za mtawala, aliyekata kuni hakumdhuru mtu. Haya, tuondoe sheria ya cheti. Serikali ifute kanuni zote, na trafiki waende likizo. Bado kuna kijana mmoja, nyuma yake lita 30,000 za petroli au zaidi, naye hajui namna ya kukaa nazo. Na mbele yake kuna soko la Bomang'ombe lenye akina mama na watoto. Uovu haukuondoka pamoja na sheria. Ulikuwako kabla yake, na sheria ilikuja kwa sababu yake. Tendo hili haliko chini ya kanuni za ofisi peke yake, liko chini ya Amri ya Tano, nayo haikutungwa bungeni.

Labda baba atasema kwamba tunatia chumvi, kwani kuendesha ni kuendesha, na aliyezoea kubeba saruji atabeba na mafuta. Hapo ndipo inapofaa kujua mambo yanayofundishwa katika mafunzo hayo. Wengi wanaoyadharau hawajui yaliyomo.

Saruji hulala. Mafuta hayalali. Tangi lisipojaa, shehena yake huenda mbele dereva akanyagapo breki, na hupanda upande mmoja apindapo kona, hata gari lililoonekana limetulia likalala ubavu kwa mwendo ambao lori la mifuko lingepita salama. Zaidi ya hayo, petroli yenyewe siyo iwakayo. Uwakao ni mvuke wake, nao hutoka hata katika baridi kali kuliko ile ya kilele cha Kibo. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu ukapotea kama moshi wa jikoni, bali hutambaa chini, hufuata mtaro, huingia shimoni, na kulikuta jiko la mchoma mahindi lililo mbali na gari. Kwa hiyo tangi lililokwisha kushushwa, ambalo asiyefundishwa huliita tupu na kulisogelea na sigara, laweza kuwa la hatari kuliko lililojaa, maana ndani yake kumebaki mvuke uliochanganyika na hewa. Mafuta yakipita katika mpira wakati wa kushusha huzaa umeme mdogo usioonekana, na asiyeunganisha waya wa ardhi kwanza aweza kuwasha kituo kizima bila kiberiti. Moto wa petroli nao hauzimwi kwa ndoo za maji, kwa sababu petroli huelea juu ya maji na kwenda pamoja nayo.

Hayo ni ya mafuta tu. Iko mizigo mingine inayopita katika barabara zetu: salfa iendayo migodini Zambia na Kongo, na sianidi ya sodiamu ya kuchenjulia dhahabu, ambayo ikikutana na asidi hutoa hewa ya kuua. Umoja wa Mataifa umeipa kila bidhaa ya namna hiyo namba yake: 1203 ni petroli, 1202 ni dizeli, 1689 ni sianidi hiyo. Zimamoto anayefika katika ajali huitafuta namba kwanza, ndipo ajue amwage nini na asimwage nini. Dereva asiyejua namba ya mzigo wake ni kama mtu aliyebeba barua asiyoweza kuisoma.

Mataifa mengine yameliona jambo hili zamani. Mapatano ya Ulaya yaliyofanywa Geneva mwaka 1957 humtaka dereva wa mizigo hiyo awe na cheti chake, tena cheti hicho hudumu miaka mitano tu, kisha hana budi kutahiniwa upya. Huko Marekani leseni yake hutiwa herufi H, naye hufanya mtihani wa kuandika na kuchunguzwa habari zake na serikali. Hapa kwetu vipo vyuo vinavyofundisha madereva wa magari makubwa, kama Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kule Dar es Salaam na vyuo vya VETA. Hatusemi kwamba kila mwalimu ni hodari na kila mtihani ni mgumu. Twasema elimu yenyewe ipo, na mwenye kuitaka aipata.

Hoja yenye nguvu kuliko zote ni ile ya utingo. Kijana amekaa na dereva mzee miaka sita. Ameshusha mafuta usiku na mchana, ameilala njia ya Tanga na ya Dar es Salaam, aijua kila kona. Mtoto wa chuo aliyemaliza jana atamfundisha nini? Hoja hii twaiheshimu. Ufundi mwingi wa wazee wetu ulirithiwa hivyo, kwa kutazama na kushika, nao ulikuwa ufundi wa kweli. Lakini mtu hujifunza kwa kutenda pale ambapo kosa humwacha hai ili asirudie. Seremala hujikata kidole, akajua. Moto wa tangi haumpi mtu zamu ya pili, na utingo aliyeshusha mara mia pasipo waya wa ardhi, na mara zote mia akasalimika, hakujifunza usalama. Amejifunza kutoogopa. Miaka yake sita ni mali kubwa ikitiwa juu ya mafunzo, na ni mtego ikitiwa mahali pake. Tena, kama kweli ayajua, mtihani wamtisha nini?

Tarehe 10 Agosti 2019, Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakaja na madumu kuchota, moto ukawaka. Waliokufa, pamoja na waliofia hospitalini katika majuma yaliyofuata, walipita 100. Wakenya hawajasahau Sachangwan, tarehe 31 Januari 2009, ambako pia walikufa zaidi ya 100. Na huko Sange, Kivu ya Kusini, tarehe 2 Julai 2010, lori lililotoka upande wa Tanzania lilipinduka likaua zaidi ya watu 230 pamoja na watoto. Hatuwataji madereva hao ili kuwahukumu. Habari za vyeti vyao hatuzijui, wala ajali si ushahidi wa dhambi. Twataja marehemu ili baba yule wa Bomang'ombe aone ni watu wa namna gani wanaolipa. Si polisi, si mwenye gari. Ni wapita njia, wengi wao maskini, waliodhani kwamba siku hiyo wamepata bahati. Saa ile ya kwanza, kabla ya askari kufika, hapo barabarani huwa na mtu mmoja tu awezaye kujua kwamba ule mvuke unatambaa na kwamba watu hawana budi kufukuzwa hata kwa ukali, naye ni dereva, kama yu hai. Ikiwa cheti chake alikinunua, hapo hakuna ajuaye.

Kwa sababu hiyo twasema cheti si karatasi ya ofisi tu. Mama auzaye ndizi kando ya njia hawezi kumsimamisha dereva na kumwuliza maswali. Amwamini bila kumjua, na cheti ndicho kinachosema badala yake: mtu huyu amefundishwa, amepimwa, ameweza. Cheti ni shahidi. Anayekinunua bila kupimwa amemnunua shahidi wa uwongo, na Amri ya Nane yamhusu pamoja na ya Tano.

Maandiko yana kesi inayofanana sana na yetu, na wenyeji wa mahali paitwapo Bomang'ombe hawatahitaji kufafanuliwa. Katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, imeandikwa habari ya ng'ombe aliyempiga mtu pembe akafa. Ikiwa ng'ombe huyo hakuwa na mazoea hayo, mwenyewe hana hatia. Lakini ikiwa alijulikana kuwa na pembe kali, na mwenyewe alikwisha kuonywa asimfunge, basi damu ya marehemu yamwelekea mwenye ng'ombe. Petroli ni ng'ombe aliyejulikana. Hakuna awezaye kusema hakuonywa, maana onyo limeandikwa ubavuni mwa tangi kwa herufi kubwa. Mtakatifu Tomaso naye, akiuliza juu ya mtu aliyeua pasipo kukusudia, afundisha kwamba kifo kisichokusudiwa chaweza kuhesabiwa juu ya mtu ikiwa hakuwa na uangalifu uliompasa. Na Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, husema wazi kwamba ni hatia nzito kuhatarisha maisha ya wengine barabarani kwa ulevi au kwa kupenda mwendo wa kasi. (Madereva wengine hutundika rozari kiooni na kuweka sanamu ya Mtakatifu Kristofa, kisha hushuka Moshi wakiwa wamekunywa mbege. Twafurahi kuiona rozari.)

Hatia haikai kwa kijana peke yake. Mtahini aliyetia sahihi yake juu ya mtu asiyempima ana sehemu kubwa, na hapo hatuna neno la kuongeza. Mwenye gari anayejua, au anayeona dalili na kukataa kuuliza kwa sababu dereva huyo akubali mshahara mdogo, naye yumo. Lakini sisi twaandikia jamaa za Kikatoliki, basi tuseme zaidi juu ya baba. Huyo aliuza ndama kumsaidia mwanawe, na upendo wake hauna shaka. Walakini fedha ya ndama ilitosha, au ilikaribia kutosha, kulipa ada ya chuo. Alichonunua ni siku chache za haraka. Tena amemfundisha mwanawe, kwa mkono wake mwenyewe, kwamba elimu ni kitu cha kuzungukwa. Na mwana atakumbuka somo hilo siku atakapoambiwa asubiri tangi lipoe kabla ya kulifungua.

Yatupasa hapa kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Yuko kijana aliyesoma, akatahiniwa, akashinda, kisha karani akaificha karatasi yake mpaka apewe kitu kidogo. Huyo hanunui asichostahili. Adaiwa fedha kwa haki yake mwenyewe. Walimu wa maadili tangu zamani wamekuwa wapole kwa mtu wa namna hiyo, wakisema dhambi ya unyang'anyi ni ya mnyang'anyi. Hata hivyo hatumshauri alipe. Sheria ya mwaka 2007 ya kuzuia na kupambana na rushwa humshika mtoaji kama impatavyo mpokeaji, na kila anayelipa amwongezea mzigo kijana wa nyuma yake. Aende TAKUKURU, aende na mashahidi, asubiri. Lakini akishindwa na njaa akalipa, kosa lake si sawa na la yule asiyejua kitu aliyenunua ruhusa ya kuwahatarisha watu. Wa kwanza, barabarani hamdhuru mtu.

Yabaki sasa swali gumu kuliko yote, nalo hatuoni likiulizwa mara nyingi, ingawa wanaohusika nalo si wachache. Mtu alinunua cheti miaka mitano iliyopita. Ameendesha tangu hapo, hakupata ajali, ana mke na watoto watatu, nao wala kwa usukani ule. Aja katika kitubio na kuungama rushwa. Je, ameshamaliza?

Twajibu: hapana. Anayeungama wizi, na ng'ombe wa watu yungali zizini mwake, hajaacha wizi. Dereva huyu kila asubuhi awashapo gari aitumia tena ile karatasi ya uwongo, na kila asubuhi hatari yaanza upya. Miaka mitano bila ajali ni neema ya Mungu, na pengine ni ustadi kidogo, si kibali. Hatudai ajipeleke polisi, wala hatudai aache kazi ya udereva na watoto walale njaa. Twadai afanye kile alichokikwepa: aende kusoma, apimwe kwa haki, na akishindwa asome tena. Wakati huo amwombe tajiri wake mzigo mwingine, saruji, mahindi, mbao, ambao leseni yake halali yautosha, hata kama posho yake ni ndogo. Wako watakaotuona wakali, kwa kuwa juma mbili au tatu bila safari za mafuta ni pengo kubwa nyumbani. Pengo hilo twalijua. Hapo jumuiya yake, iliyochanga kwa ajili ya harusi na kwa ajili ya msiba, ingefaa ichange pia kwa ajili ya ada ya chuo.

Na mkewe, ajuaye siri hiyo? Siri ya nyumba ni kitu kitakatifu, na haifai mke kukimbilia kumshitaki mumewe. Aanze kusema naye wakiwa wawili. Akikataa, amwite mzee wa ukoo anayemheshimu, au msimamizi wa ndoa yao. Ikiwa hasikii hao wote, na angali anapanda tangini na kupita katikati ya watu, basi maisha ya wasio na hatia yamezidi uzito wa siri, na mke akimweleza mwenye gari hamsaliti mumewe. Aseme kwa machozi, kama inavyombidi, lakini aseme kabla ya safari ijayo.